Kilima Kisichopunguza Mwendo

Siku hizi watu wanapanda milima kwa Bluetooth. Unaunganisha simu na mashine ya kukimbilia, unachagua zoezi lililopangwa tayari, na mkanda unainuka wenyewe: dakika mbili kwenye mwinuko wa asilimia 6, dakika mbili kwenye asilimia 1, mara nane. Hugusi kitu. Mwishoni simu inakupongeza kwa kupanda. Mimi nasema umepandishwa.

Sina ugomvi na mashine yenyewe. Dada anayetoka kazini Dar es Salaam saa moja usiku, barabara haina taa, bodaboda zinampita mpaka kwenye kiwiko, ana kila sababu ya kukimbilia ndani. Anayemcheka hajawahi kukimbia gizani akiwa mwanamke. Ugomvi wangu ni na mpangilio. Mazoezi mengi ya aina hii niliyoonyeshwa hubadilisha mwinuko na kuiacha kasi palepale. Ulikuwa unakwenda kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare. Kilimani nako ni 10 vilevile.

Tupige hesabu. Kwa mlinganyo wa ACSM, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, mtu anayekimbia kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare hutumia takriban mililita 37 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Inua mkanda hadi asilimia 6 bila kugusa kasi, zinakuwa takriban 46. Ni karibu robo nzima ya ziada! Ukitaka jitihada ibaki ileile, kasi inapaswa kushuka hadi karibu kilomita 8 kwa saa. Ratiba imeandika "wastani", mwili unalipia kitu kingine kabisa, na dada yetu anarudi nyumbani akiamini yeye ni dhaifu.

Njoo Tanga uone kilima kinavyofanya kazi. Korogwe iko chini, kando ya Mto Pangani. Handeni iko juu, na kati yao kuna lami ya kilomita kama 65 inayopanda na kushuka bila kumwomba mtu ruhusa. Mwenye baiskeli na gunia la mkaa akifika kwenye mwinuko mkali anashuka, anasukuma. Hakuna anayemwita mzembe. Mtoto anayewahi shule anafupisha hatua bila kufundishwa. Miguu inasikia mwinuko na kasi inajibu papo hapo, na kujibu huko ndiko mazoezi ya mlima yanakotakiwa kukujenga. Mashine iliyofunga kasi imekunyang'anya hicho hicho ulichokuja kujifunza. (Umeme ukikatika, angalau utapumzika.)

Halafu kuna kushuka, ambako wauza ratiba hawakutaji. Mashine nyingi zikifika sifuri zimemaliza, hazijui mteremko. Lakini Kilimanjaro Marathon inakupandisha barabara ya Mweka kisha inakurudisha chini, na mapaja ndiyo yanayolipa. Boston nayo huanza kwa kuteremka kutoka Hopkinton. Juma Ikangaa wetu alimaliza wa pili huko mwaka 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde moja tu. Katika mbio za namna hiyo, kujua kuteremka si pambo.

Kwa hiyo, ukipanga mwenyewe, iachie simu mwinuko lakini kasi ibaki mkononi mwako, uipunguze pumzi inapokuambia. Kama programu yako inalazimisha kila kitu kiwe cha kujiendesha, basi kila kipande kiwe na namba mbili: asilimia 6 na kilomita 8, asilimia 1 na kilomita 10. Mara moja kwa wiki, mchana kweupe na mwenzako, tafuta mteremko halisi. Na kocha anayeuza ratiba ya vilima yenye namba moja amrudishie dada hela yake.