Dhamana ya Nyumba Isifutwe na Mjenzi

Kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Kwa nini basi tumwachie mjenzi aamue mwenyewe kama dhamana ya nyumba aliyoiuza bado ina nguvu? Ukuta ukipata ufa, anafungua mkataba: "Ulimwita fundi mwingine, dhamana imekufa." Hata kama fundi huyo alibadilisha bomba la jikoni tu!

Ufaransa ilikataa mchezo huo. Sheria ya tarehe 4 Januari 1978 inambebesha mjenzi dhima kwa miaka 10, kasoro zinapohatarisha uimara wa nyumba au kuifanya isifae kukaliwa. Kifungu cha mkataba kinachomwondolea au kumpunguzia dhima hiyo huhesabiwa kuwa hakikuandikwa. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1972, hubatilisha vifungu vya namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba naye huharibu. Kweli, lakini mjenzi na athibitishe. Huko Ufaransa hanusuriki mpaka aonyeshe kuwa chanzo cha kasoro kimetoka nje ya kazi yake. Ni haki: aliyefukia nondo ndani ya zege ndiye ajuaye zilivyo, mnunuzi aliona rangi tu.

Dhamana inayofutwa na aliyeitoa si dhamana, ni karatasi.