Ngiri 30 Kanairo ama ngiri 15 Ndanai? Hesabu masaa kabla uhesabu doh

Tuseme uko Ndanai. Umesimama nje ya duka pale senta, simu inalia. Ni msee mlisoma naye, sai yuko Kanairo. Anakushow kuna wera ya soja, ngiri 30 kwa mwezi, unatakikana Jumatatu. Hapo ulipo unafanya kwa agrovet. Unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi jioni, siku sita kwa wiki. Mwisho wa mwezi ni ngiri 15.

Thelathini ni mara mbili ya kumi na tano. Hata mtoto wa gredi ya nne anajua jibu, ama?

Polepole, msee. Hio hesabu imeacha kitu kimoja nje, na ni kitu unauza kila siku bila kuuliza bei. Hayo ni masaa yako.

Mbona simu kama hizi zinalia sana

Ndanai iko Sotik, kaunti ya Bomet. Vijana wa hizi sides wamekuwa na njia tatu tangu zamani: kukaa kwa chai ya nyumbani, kuingia mashamba makubwa ya Kericho, ama kubeba begi kwenda tao.

Njia ya mashamba makubwa imekuwa ikijifunga. Mashine za kuchuma majani zimechukua mikono ya watu wengi, na Mei 2023 hasira ililipuka Kericho mpaka mashine kadhaa zikachomwa moto. Mashine bado ziko. Chai ya nyumbani nayo ina stori yake. Mkulima mdogo wa KTDA hulipwa kidogo kila mwezi, halafu anangoja bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ya 2025 iliposhuka, wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana.

Kwa hivyo begi ndio imebaki, na mtu akitaja ngiri 30, huwezi laumu kijana akianza kupanga nguo. Tusimcheke. Tumsaidie kupiga hesabu.

Ngiri 30 imetengenezwa na nini?

Hio namba haikutoka hewani. Mwishoni mwa 2023, mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi, PSRA, ilisema soja wa Nairobi asilipwe chini ya KSh 30,000. Mambo yakaenda kortini na agizo likasimamishwa. Lakini angalia vile walikuwa wameigawa:

Mshahara wa msingi: KSh 18,994.
Marupurupu ya nyumba: KSh 2,849.
Ovataimu: KSh 8,157.

Umeona hapo chini? Zaidi ya robo ya ngiri 30 ni ovataimu. Ukitoa masaa ya ziada, hio kazi ni ya ngiri 21 na kitu. Hizo ngiri nane zingine ni usingizi wako umenunuliwa.

Na hio ni kama mdosi analipa. Kwa amri za mishahara za Kenya, wiki ya kawaida ni masaa 52, siku sita. Ukipita hapo, kila saa inafaa kulipwa mara moja na nusu, na ukifanya siku yako ya kupumzika au sikukuu, mara mbili. Shifti ya soja ni masaa 12. Mara sita, ni 72. Hapo kuna masaa 20 ya ziada kila wiki. Kama mtu anakupea shifti ya masaa 12 na neno ovataimu halijatajwa mahali, jua hayo masaa 20 unampea bure.

Sasa toa simu, tupige hesabu

Tuanze na Ndanai. Ngiri 15, ukitoa NSSF, SHA na housing levy, unabaki na karibu KSh 13,460. Masaa ni nane kwa siku 26, yaani 208. Unalala nyumbani, kazini unatembea. Gawanya: karibu bob 65 kwa saa.

Twende Kanairo. Ngiri 30, kwa viwango vya 2025, ukitoa hizo tatu pamoja na PAYE kidogo, unabaki na karibu KSh 26,190. Bado iko juu. Lakini hujalala mahali. Tuseme umepata singo Pipeline ya ngiri 6, na mat ni soo moja kwa siku, kwenda na kurudi. Hio ni 2,600 kwa mwezi. Sasa mkononi umebaki na KSh 17,590. Chakula tuache kando, kila mahali mtu anakula, ingawa wewe na mimi tunajua sukuma ya Kanairo haichumwi nyuma ya nyumba.

Masaa je? Shifti ni 12 kwa siku 26, hizo ni 312. Ongeza masaa mawili ya mat na jam kila siku, hizo ni 52. Jumla 364. Gawanya tena: bob 48 kwa saa.

Umetoka bob 65 ukaingia bob 48. Mshahara umepanda mara mbili, bei ya saa yako imeshuka.

Tuiangalie na upande mwingine, ndio uskie vizuri. Ukilinganisha doh inayobaki, Kanairo imekuongezea KSh 4,130 kwa mwezi. Kuzipata, umetoa masaa 156 zaidi. Kila saa ya hayo umeiuza bob 26. Smokie pasua hupati na hio.

Na kama ile ngiri 30 ilikuwa stori ya jaba, ukifika unaambiwa ni ngiri 20 kwa mwanzo? Baada ya makato, keja na mat unabaki na KSh 9,350. Hio ni chini ya doh ulikuwa nayo Ndanai, na sai unarauka saa kumi alfajiri.

Masaa yenye hayaandikwi kwa payslip

Kuna watu watasema saa za jioni huko ocha ni za kukaa tu. Wenye wamelelewa kwa chai wanajua hio si ukweli.

Majani hayangoji. Kila wiki moja au mbili lazima shamba lipitiwe, la sivyo yanakomaa na kiwanda kinayakataa. Ukiwa nyumbani, unachuma asubuhi kabla ya kazi ama siku yako ya ofu. Ukienda, mathe atafanya nini? Atatafuta mchumaji na kumlipa kwa kilo. Tuseme wewe ulikuwa unachuma kilo 150 kwa mwezi, na mchumaji anataka bob 10 kwa kilo. Hio ni KSh 1,500 inatoka kwa familia yako kila mwezi kwa sababu wewe haupo. Ile 4,130 imekuwa 2,630. Na bado hatujaongea kuhusu ng'ombe, ama nani atampeleka kogo kliniki.

Halafu kuna mwili. Mei 2021, WHO na ILO walitoa utafiti wao kuhusu masaa ya kazi. Anayefanya masaa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa masaa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa na ugonjwa wa moyo iko juu kwa asilimia 17. Soja wa shifti za 12 yuko 72. Ukiwa na miaka 22 hio inaonekana ni mambo ya wazee, lakini mwili huweka rekodi.

Lakini usijidanganye pia

Kuna watu wataisoma hii wakitafuta sababu ya kubaki tu. Hio pia si fiti. Muda mwingi bila doh ni stress. Huwezi lipa karo ya sistee yako na jioni nzuri. Kama kuna deni ya hospitali ama mtoto amerudishwa nyumbani, ile 4,130 ni pesa ya maana, na hakuna mtu ana haki ya kukucheka ukiifuata.

Na hesabu yenyewe inaweza geuka vibaya sana, kwa upande mzuri. Chukua ile ile ngiri 30, shifti ile ile ya masaa 12, lakini mdosi amekupea mahali pa kulala hapo hapo kazini. Hakuna singo ya ngiri 6, hakuna mat, hakuna jam. Sasa tofauti na Ndanai ni KSh 12,730, na masaa ya ziada ni 104 pekee. Hio ni bob 122 kwa kila saa ya ziada, karibu mara mbili ya bei yako ya nyumbani. Hapo pakia begi.

Umeona mahali siri iko? Mshahara ulikuwa mmoja. Keja na barabara ndio zimeamua.

Hii ndio maana wasee wengi wanaangalia Saudi. Nyumba ya bure, chakula ya bure, na ule mshahara unaotajwa sana wa riyal 1,000 ni kama ngiri 34. Shida ni kwamba ukiishi kwa mdosi, saa ya kutoka kazini inapotea. Saudi ilibadilisha sheria za wafanyakazi wa nyumbani, zikaanza Oktoba 2024: si zaidi ya masaa 10 kwa siku, na siku nzima ya kupumzika kila wiki. Hio ikifuatwa, ni masaa 260 kwa mwezi, bob 130 kwa saa. Lakini kama unaamshwa alfajiri na kulala usiku wa manane, masaa 16 siku 30, ngiri 34 inakuwa bob 70 tu. Sistee, umevuka bahari kutafuta bob 70, na Ndanai ulikuwa na 65.

Kitu kingine hesabu haionyeshi ni ujuzi. Masaa mengi kwa jikoni ya hoteli, kwa karakana, ama kwa msee anakufunza kuchomelea vyuma, hayo unalipwa mara mbili: doh ya leo na mkono wa kesho. Masaa mengi ya kufungua geti na kuandika namba za magari, hayo unalipwa mara moja. Soja ni kazi ya heshima na wengi wamesomesha watoto nayo. Lakini ukiingia bila mpango, miaka mitano inapita na bado uko geti lile lile.

Kabla upande mat ya Sotik

Uliza haya maswali, na uyaulize kwa simu kabla hujatuma hata bob moja ya "usajili".

Moja: shifti ni masaa mangapi, na ovataimu inalipwaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akupe mkataba wa kuandikwa wenye masaa ya kazi na mshahara ndani. Akisema "mambo ya karatasi tutaona baadaye", jibu umepata.

Mbili: siku ya ofu ni gani? Sheria hio hio inakupea angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na siku 21 za likizo ya kulipwa kila mwaka. Hio haki haikuombwi radhi ukiitumia.

Tatu: nitalala wapi na ni umbali gani na kazi? Hii ndio swali watu husahau, na umeona vile inabadilisha kila kitu.

Nne, na hii jiulize mwenyewe: narudi lini? Masaa marefu yanabebeka kama yana mwisho. "Naenda miezi 18, nimalize karo ya sistee, ninunue mashine ya kuchomelea, narudi." Hio ni plan. "Naenda tuone" si plan, ni vile watu hupotea.

Halafu kaa chini na mathe, si kwa simu. Muulize nani atachuma chai ukienda, na italipwa na nani. Hio hesabu yeye anaijua kuliko sisi wote.

Namba zetu hapa ni za mfano, kwa hivyo toa ngiri zetu uweke zako. Andika mshahara baada ya makato, toa keja, toa mat, gawanya kwa masaa yote mpaka ya jam. Ukipata iko juu ya bei unayopata sai, ama iko chini lakini kuna karo inangoja na unajua siku ya kurudi, enda na Mungu akubariki. Kama haiko hivyo, pigia huyo msee simu umwambie asante, akipata yenye iko na mahali pa kulala akushow.