Besi ya nusu dakika

Winga wa Kariakoo, yule dalali anayewavutia wenye maduka wateja, ana wimbo wake wa kuuzia hedifoni, na siku hizi aghalabu ni amapiano. Mteja hajamaliza kueleza anachotafuta, tayari amevishwa, simu ya winga imepandishwa sauti hadi mwisho na ngoma inamgonga masikioni. "Umeisikia besi hiyo, dada yangu? Hii OG, siyo zile za kutandikwa chini." Nusu dakika tu, inavuliwa, bei inatajwa, na mazungumzo yanahamia kwenye kupunguziana. Kwa mtu mwenye shilingi 40,000 anayetaka hedifoni kubwa za kufunika sikio lote, usaili umeishia hapo.

Ni usaili mbovu.

Si kwamba winga ni mwongo. Mbinu yake inafaulu kwa sababu sikio lenyewe liko upande wake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs huko Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio huipokea besi kwa shida, na kadiri inavyopandishwa ndivyo besi inavyojaa yenyewe. Kwa hiyo hedifoni iliyopigwa kwa nguvu itaonekana nene na tamu kuliko jirani yake iliyopigwa kwa upole, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Mteja anadhani amelinganisha hedifoni mbili, kumbe amelinganisha mara alizobonyeza winga kitufe cha sauti.

Mkono nao hudanganyika. Wengi wakiishika hedifoni huipima kwanza kwa uzito: nzito ni imara, nyepesi ni plastiki ya kutupwa. Mwaka 2015 wahandisi wa kampuni ya Bolt ya Marekani waliifungua hedifoni iliyoandikwa Beats, wakakuta vipande vinne vya chuma ambavyo, kwa maoni yao, viliwekwa ili kuongeza uzito. Vilibeba karibu theluthi moja ya uzito wote. Baadaye ikabainika kuwa waliyoifungua ilikuwa feki. Wakanunua halisi, wakaifungua pia, na humo namo wakakuta vyuma vya namna hiyo. Ikiwa watu wenye bisibisi mkononi na kifaa kimetawanywa mezani hawakuitambua feki kwa kuitazama, kijana wa Mbagala aliyeuziwa "OG" asijilaumu kupita kiasi.

Linalomsumbua zaidi mnunuzi wa kipato cha kawaida ni kama bei ndogo maana yake ni sauti mbaya. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha, katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani, uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283 za kila aina, za kuchomeka sikioni na za kufunika. Alitafuta uhusiano kati ya bei ya dukani na jinsi kila moja inavyougawa muziki, kuanzia besi hadi sauti nyembamba za juu. Hakuuona. Mwenye fedha kidogo, kwa hiyo, hajajihukumu kusikia vibaya. Bei ikishuka, panapopunjwa ni kwingine: bawaba za kukunjia, sponji, maikrofoni, umri wa kifaa chenyewe. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojitokeza ndani ya nusu dakika ya amapiano.

Boksi nalo lina lugha yake. Maboksi mengi huandikwa kuwa hedifoni inatoa sauti kuanzia 20 Hz hadi 20,000 Hz, yaani upeo uleule unaotajwa kwa sikio la kijana mwenye afya. Pasipo kuelezwa sauti hizo zinapishana nguvu kwa kiasi gani, namba hizo hazimwambii mtu lolote zaidi ya neno "tamu" kwenye pakiti ya biskuti. Herufi za kuchunga zaidi ni ENC. Mnunuzi huziona akadhani amepata ANC, ule ufundi wa kuzima kelele ambapo maikrofoni ndogo hunasa mvumo wa nje, hedifoni ikatoa mawimbi ya kinyume chake, na vyote viwili vikauana. ENC ni jambo jingine kabisa. Inasafisha sauti ya mwenye hedifoni anapoongea na simu ili wa upande wa pili amsikie vizuri. Anayefaidi ni shangazi aliyeko Tabora. Aliyelipa anaendelea kulisikia jenereta la jirani kama kawaida. Hata ANC ya kweli hufanya kazi nzuri kwenye mvumo mzito usiobadilika, kama wa injini au feni. Konda anayeita "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto" atapenya tu.

Baada ya sauti kuna kichwa, na hapa ndipo hedifoni nyingi huumbuka. Za kufunika sikio hutegemea kuziba. Sponji ikikaa sawasawa pande zote, besi inabaki ndani; pakiwa na upenyo, inavuja. Mikono ya miwani huinua sponji. Rasta nene hufanya vivyo hivyo. Mwanamke anayevaa hedifoni juu ya hijabu anasikia muziki uliochujwa kwanza na kitambaa, na akiivaa kwa ndani, joto linamshinda kabla ya wimbo wa tatu. Watengenezaji wengi huelekea kumwazia mtu mwenye nywele fupi, asiye na miwani, aliyeketi kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mtu huyo hapatikani sana kwenye daladala la saa moja asubuhi.

Joto la pwani lina kesi yake peke yake. Sponji nyingi za bei nafuu hufunikwa ngozi ya bandia ya poliurethani, ambayo huharibika polepole ikikutana na unyevunyevu na jasho. Mtu wa Tanga au Unguja anaijua dalili kabla ya kujua jina la kemikali: vipande vyeusi vidogo kama majani ya chai vimebaki shingoni na kwenye kola ya shati jeupe. Spika bado nzima, waya mzima, lakini kifaa kimekuwa aibu kuvaliwa mbele za watu. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991, bado inauzwa na bado iko kwenye studio nyingi duniani, na sababu mojawapo ya kudumu hivyo ni ya kawaida mno: sponji zake zikichakaa hutolewa zikawekwa nyingine. Dukani swali la sponji za akiba lingefaa litangulie swali la besi. Muuzaji akikosa jibu, naye amejibu.

Kuhusu waya, hakuna haja ya kuona haya kuutetea. Tangu iPhone 7 itoke bila tundu la 3.5 mm mwaka 2016, hedifoni ya waya imeanza kuonekana ya kizee, ingawa simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki bado zina tundu hilo. Waya hauombi chaji. Hauchelewi pia, wakati kwenye bluetooth nyingi za bei ndogo mdomo wa mwigizaji hufungwa kabla neno halijafika, na anayecheza gemu hupigwa risasi kwanza ndipo akasikia mlio wa bunduki. Isitoshe, katika hedifoni ya waya ya shilingi 30,000 hakuna sehemu ya fedha hiyo iliyokwenda kwenye betri na chipu. Ugonjwa wake unajulikana: hukatika pale shingoni mwa pini, upande mmoja ukaanza kukoroma. Ndiyo maana yenye waya wa kuchomoa inastahili nyongeza ya elfu tano.

Kuna hoja ya afya pia, ambayo hutajwa kwa haraka na kusahaulika kwa haraka. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda unashuka hadi saa 4. Hedifoni inayoziba vizuri inamruhusu msikilizaji apunguze sauti hata akiwa njiani, wakati ile inayovuja humlazimisha kushindana na honi za mjini.

Mwenye kutaka kupima kwa haki aende na wimbo wake mwenyewe, anaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Muziki wa dansi wa zamani, ule uliorekodiwa Radio Tanzania, unafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu magitaa yake yanasukana: la solo linatembea juu, la rithimu linashona katikati, la besi linazunguka chini, kisha tarumbeta zinaingia. Hedifoni iliyotiwa besi kupita kiasi hulimeza gitaa la rithimu lote. Kwenye amapiano kasoro hiyo hudhaniwa ni sifa; kwenye dansi haina pa kujificha.

Binti mmoja mwenye miwani na rasta, mwanafunzi wa chuo kwa mkoba wake, alilifanya hilo kwenye fremu moja ya Mtaa wa Aggrey. Alipovishwa ile yenye besi ya kifuani aliomba achomeke simu yake mwenyewe, kisha akauliza kwa adabu kama anaweza kukaa nayo kidogo. "Kidogo kiasi gani, dada?" "Dakika ishirini, kaka, kama hamtajali." Winga alicheka. Mwenye fremu, mama mtu mzima aliyekuwa akihesabu chenji, alimsukumia stuli kwa mguu bila kuinua macho. Dakika ya kumi na mbili binti aliivua akajisugua nyuma ya sikio, pale mkono wa miwani ulipokuwa umegandamizwa. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu, kwenye boksi lililoshika vumbi, la hedifoni ya waya isiyo na taa wala herufi kubwa. Hiyo alikaa nayo mpaka mwisho wa muda aliouomba. Alilipa 25,000, akaomba risiti, akaivaa hapohapo. Winga, ambaye cha juu chake kilikuwa kwenye ile ya kwanza, alikuwa ameshavuka barabara kumpokea mteja mwingine.