Ondoa Rufani, Lipa, Rudi Shambani

Mtu akiondoa rufani yake, hasa ya shamba, hakosi wa kumcheka: kamwogopa jirani, kahongwa, kachanganyikiwa. Akilipa na gharama za mjibu rufani, ndiyo kabisa, anaitwa bwege. Anayesifiwa ni yule aliyeapa kufika Mahakama ya Rufani hata kama nyumba itauzwa. Ati anakufa kiume. Watu walewale uwanjani hutukumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sifa hizo zimewafilisi wengi. Wapo wanaodhani rufani ni kesi inayoanza upya, na kwamba shahidi aliyejichanganya barazani atapata nafasi ya kujirekebisha. Majaji husoma kumbukumbu zilezile, na ushahidi mpya hupokewa kwa nadra mno. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliendi Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kuwa lina hoja ya kisheria. Hasira, hata ya miaka 10, haimo.

Wengine wanaamini rufani inamfunga mikono aliyeshinda. Amri ya 39 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakataa: kukata rufani peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Zuio huombwa, na dhamana hutakiwa. Bila zuio, rufani yako inaweza kuwa mahakamani na dalali wa mahakama akawa mlangoni kwako.

Halafu hizo gharama zinazoonewa haya. Kila tarehe ya kesi humwongezea mjibu rufani nauli na ada ya wakili za kukudai. Ukishindwa mwishoni, ankara yote hiyo hupelekwa ikakadiriwe, nawe ulipe. Ukijitoa mapema hulipii hatua ambazo hazijafikiwa. Tena ukimfuata mwenzako mkakubaliana kila mtu abebe zake, mahakama inaweza kuamuru hivyohivyo.

Simwambii mwenye hoja nzito aiondoe kwa vitisho vya ukoo. Ajue tu kwamba akiiondoa, hukumu ya chini inabaki vilevile. Lakini wakili akikwambia “twende tu, mzee, tutashinda,” mwombe aandike hoja yenyewe ni ipi na utadaiwa kiasi gani ukishindwa. Karatasi hiyo isomwe na familia nzima kabla ng’ombe hawajapelekwa mnadani.