Bukavu: Tunaua sipre kwa panga, kisha tunagombania mpaka

Kila kiangazi kikianza, mwezi wa 6, vijana wenye panga wanapita mlango kwa mlango katika komini yetu ya Ibanda wakitafuta kazi. "Mama, sipre zenu zimekuwa pori, tuzishushe?" Bei inapatana, vijana wanakata mpaka ndani kwenye mti wa kahawia, na jioni parseli inaonekana safi. Mvua za mwezi wa 9 zinarudi, lakini majani hayarudi. Ukuta wa kijani umekuwa safu ya vijiti vya rangi ya kutu.

Mimi siwalaumu vijana. Kosa ni letu sisi wenye nyumba tunaowaambia: "Kateni sana, tusilipe tena mwaka huu."

Nami nilisema hivyo hivyo. Ua wa sipre uliopandwa na marehemu baba ndio ulikuwa mpaka wetu na jirani. Mawe ya kadasta hayakuwepo. Ulipokauka, tukaung'oa, tukapikia. Jirani akajenga ukuta wa matofali, hatua mbili ndani ya kwetu. Yeye anasema vingine. Chefu wa avenyi amekuja mara tatu, na mara zote tatu anauliza mti ulisimama wapi.

Sipre si kama mwembe au mparachichi, ambao ukiukata unachipuka tena. Majani yake mabichi yako nje tu, kama nguo juu ya mwili. Ndani ni matawi makavu yasiyo na macho ya kuchipua. Ukipita sehemu ya kijani, umemaliza kazi ya miaka kumi. Dawa ni kukata kidogo na mara kwa mara, ncha laini tu, mara mbili kwa mwaka, wakati udongo una maji na si katikati ya kiangazi. Chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike mpaka miguuni. Ua ulio mpana juu kama mwavuli unakauka chini, na mbuzi wa watu wanapita.

Kuna na wadudu. Vidukari wa sipre, wadogo wa kahawia wanaofyonza maji ya matawi, walionekana Malawi mwaka 1986, kisha wakaenea Afrika ya Mashariki mpaka huku Maziwa Makuu. Ukiona tawi moja linageuka jekundu, lifunue uangalie kabla ya kusema ni uchawi wa jirani. (Nimesikia hilo zaidi ya mara moja.)

Wengine wananiambia: achana na miti, jenga ukuta. Kwa usalama nawaelewa, tunajua usiku wa Bukavu. Lakini ni nani kati yetu ana pesa ya matofali na simenti kuzunguka parseli nzima? Na kwenye milima yetu, ukuta uliojengwa bila njia ya maji unaanguka mvua kubwa ikija, tena unaangukia nyumba ya aliye chini.

Kosa lingine ni kununua mche mzuri wa sipre ndani ya sashe na kuupanda nusu mita kutoka dirishani, eti urembo. Mti huo ukiachwa unapita mita 30. Leo ni ua, kesho uko juu ya mabati na nyaya za umeme. Kwa mbele ya nyumba afadhali tuya, ile yenye matawi yaliyosimama bapa kama viganja. Inakua polepole, inakubali kukatwa mviringo, na watoto wako hawatarithi kazi ya kuiangusha. Usichome takataka karibu nayo wala karibu na sipre. Zote zina ulimbo, zinashika moto haraka.

Safari hii, kwa upande wa pili wa parseli, nilimwita jirani kabla ya kuchimba, na chefu wa avenyi awe shahidi. Tulivuta kamba pamoja, yeye mwisho mmoja, mimi mwingine, tukapanda miche ya sipre kila nusu mita. Gharama tumegawana, na kukata ni zamu. Sasa imefika magotini.