WATU WA ZAMANI: Meya Aliyekataa Kukana Deni

Juma hili tumtazame William Butler Ogden wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1805 katika kijiji cha Walton, jimbo la New York. Alitaka kusoma sheria, lakini baba yake akaugua. Basi kijana akashika kazi ya nyumbani, kazi ya mbao.

Mwaka 1835 alikwenda Chicago, kando ya Ziwa Michigan, kuangalia ardhi ambayo shemeji yake alikuwa ameinunua kwa dola 100,000. Akakuta maji na matope tu. Alidhani shemeji amepumbaa! Hata hivyo alipima viwanja, akauza theluthi moja, na fedha yote ikarudi.

Mwaka 1837 Chicago, yenye watu 4,000 na kitu, ilimchagua kuwa meya wake wa kwanza. Mwaka ule ule biashara ya Marekani ikaanguka. Viwanja havikuwa na bei tena, na karibu kila mtu alidaiwa. Watu wakakutana, wakataka mahakama zifungwe ili wadai wasiweze kuwashtaki. Ogden naye alikuwa na madeni mazito, na shauri lile lingemponya. Lakini alisimama akawasihi wasiuaibishe mji wao. Shauri likashindwa. Yeye mwenyewe alihangaika miaka kadhaa kabla ya kutoka katika madeni.

Baadaye alitaka kujenga reli ya kwanza ya Chicago. Wenye maduka wengi waliogopa kwamba itawapunguzia wateja. Basi mwaka 1847 alizunguka mashambani akiwauzia wakulima hisa, nao wakanunua, maana walichoka kukokota ngano matopeni. Novemba 1848 gari la moshi lilikwenda mpaka Mto Des Plaines. Wakubwa waliopanda wakamkuta mkulima na ngano yake katika gari la ng'ombe. Wakainunua, ikarudi mjini kwa reli.

Tarehe 8 Oktoba 1871 moto uliteketeza Chicago, na nyumba yake ndani yake. Usiku ule ule moto mwingine ukaangamiza Peshtigo, Wisconsin, penye kiwanda chake cha mbao; watu zaidi ya 1,000 walikufa. Ogden, mzee wa miaka 66, alirudi kutoka New York akaanza kujenga tena. Alifariki mwaka 1877.

Wengi wetu tunajua kumkwepa mwenye duka kwa kupita njia ya nyuma. Lakini njia ya nyuma haipunguzi deni hata senti moja. Dawa ya deni ni kulipa, hata kidogo kidogo.