Nusu Bei ya Kunyamaza

Katika miji mingi ya Uingereza, faini ya maegesho humfikia mwenye gari ndani ya bahasha ndogo ya plastiki, mara nyingi ya njano na nyeusi, iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Ndani mna karatasi ya kosa: namba ya gari, jina la mtaa, saa askari wa maegesho alipoliona gari kwa mara ya kwanza, saa alipoandika faini, na namba ya kosa lenyewe. Chini yake kuna bei mbili. Huko England nje ya London, kosa kubwa ni pauni 70, lakini ukilipa ndani ya siku 14 unalipa 35. Ndani ya London kiwango cha juu kilipandishwa mwaka 2025 hadi pauni 160, na anayewahi hulipa 80.

Watu wakijadili kama walipe au wapinge, huzungumza kana kwamba uamuzi ni wao. Mimi naamini zile bei mbili zimeshaamua kwa niaba yao. Ukilipa leo zinakutoka 35. Ukipinga hadi mwisho na kushinda, hulipi kitu. Ukishindwa, unalipa 70. Kwa mwenye kuangalia mfuko tu, kupinga kuna faida pale anapoamini nafasi yake ya kushinda inazidi nusu. Mtu ambaye shauri lake ni nusu kwa nusu, yaani yule hasa anayehitaji mtu wa tatu amsikilize, hesabu inamwambia alipe yaishe. Na hapo bado hatujahesabu jioni atakazotumia kutafuta risiti na kuandika barua kwa lugha ambayo pengine si yake.

Fikiria mlezi wa wazee, kazi wanayoifanya Waafrika Mashariki wengi huko. Ratiba yake ina nyumba kadhaa kwa siku, nusu saa hapa, dakika arobaini kule. Amefika kwa mzee na kumkuta ameanguka bafuni. Alilipia maegesho ya nusu saa. Amekaa saa nzima sakafuni akimshika mkono, akingoja gari la wagonjwa. Akitoka, bahasha iko kwenye kioo. Pauni 35 kwake ni karibu saa tatu za kazi kwa kima cha chini cha mshahara, na 70 ni mara mbili ya hapo. Ushahidi anao: simu aliyopiga, jina la mzee, karatasi za wahudumu wa gari la wagonjwa. Hana muda tu, wala hana akiba ya kucheza kamari na pauni 35 nyingine. Analipa, na malipo yakishapokelewa shauri limefungwa. Kwenye hesabu za halmashauri, malipo yake hayatofautiani na ya yule aliyeziba njia ya kiti cha magurudumu kwa sababu ya uvivu wa kutembea hatua kumi.

Punguzo lina watetezi, na hoja yao ina uzito. Faini nyingi ni za haki. Anayeegesha kwenye nafasi ya walemavu, kwenye kituo cha basi au mbele ya lango la shule anawaumiza watu ambao hatawaona, na bila adhabu mtaa hautapitika. Punguzo humwezesha mkosaji anayekiri kumaliza jambo kwa gharama ndogo, na huwapunguzia waamuzi mafuriko ya mashauri yasiyo na kichwa wala miguu. Kama ulijua unakosea, lipa ndani ya siku 14 na usimpotezee mtu muda. Hilo nalisema bila kusita.

Ugomvi wangu ni juu ya aliyeonewa, na juu ya taarifa anayonyimwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba barua ya kwanza ya kupinga, kwa faini ya halmashauri, karibu ni bure. Mwongozo wa serikali kwa England unaitaka halmashauri iliyopokea malalamiko ndani ya siku 14, ikiyakataa, imfungulie mwenye gari dirisha la nusu bei kwa siku 14 nyingine. Kwa hiyo yule mlezi angeweza kuandika aya mbili usiku huohuo, kuambatanisha ushahidi, na kungoja. Angekataliwa, kwa kawaida angelipa 35 zilezile. Hatari ya kulipa zote 70 huanza baadaye, akiamua kuendelea. Hapo halmashauri humtumia mwenye gari notisi rasmi, naye ana siku 28 za kujieleza. Halmashauri nayo isipojibu ndani ya siku 56, maelezo yake huhesabiwa kuwa yamekubaliwa. Ikikataa kwa wakati, ana siku 28 za kwenda kwenye baraza huru la rufaa. Kufungua rufaa hakulipiwi, wakili hahitajiki, na uamuzi wa baraza unaifunga halmashauri.

Kuna tofauti moja ndani ya safari hiyo ambayo huwaponza watu wenye sababu nzuri. Mwamuzi wa baraza anaangalia sheria: kosa lilitendeka au halikutendeka, kibao kilionekana au hakikuonekana, halmashauri ilifuata taratibu au ilizikiuka. Hana mamlaka ya kufuta faini kwa huruma peke yake. Akiona kuna sababu nzito za kibinadamu, anaweza kuipendekezea halmashauri ifute, nayo inapaswa kulitafakari pendekezo hilo na kujibu. Lakini mwenye uhuru wa kusamehe ni halmashauri yenyewe, tangu barua ya kwanza. Kwa hiyo habari ya mzee aliyeanguka iandikwe mapema, yote, pamoja na ushahidi wake, wala isiwekwe akiba ya kumshangaza mwamuzi. Na anayelalamikia kibao kilichofunikwa na matawi, au mstari wa njano uliofutika hadi kubaki madoa, apige picha siku hiyohiyo kabla hajawasha gari. Rangi hupakwa upya na matawi hukatwa, halafu utabaki na maneno matupu.

Kukaa kimya bila kulipa ndiyo njia mbaya kuliko zote. Deni la pauni 70 huongezwa nusu yake, likawa 105, kisha husajiliwa mahakamani na mwisho wake ni madalali wa mahakama kubisha hodi na gharama zao juu.

Hayo ni ya halmashauri. Kwenye viwanja vya maduka makubwa na maegesho ya hospitali nyingi, karatasi hutoka kwa kampuni binafsi, na hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu zote mbili hufupishwa kwa herufi zilezile, PCN, na huvaa sura inayofanana. Ile ya halmashauri ni adhabu iliyowekwa na sheria. Ya kampuni ni madai ya mkataba: kibao kilisema ukikaa kupita muda utalipa kiasi fulani, nawe kwa kuegesha unahesabiwa ulikubali. Kampuni hupata jina na anwani yako kutoka DVLA, idara ya serikali inayosajili magari, kwa pauni mbili na nusu kwa kila gari.

Miaka ya nyuma ushauri uliozunguka baina ya jamaa na marafiki ulikuwa rahisi: barua za kampuni zitupe. Wakati huo kampuni ilipaswa kujua ni nani hasa aliyekuwa akiendesha. Sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2012 huko England na Wales iliruhusu madai yahamie kwa mwenye gari aliyesajiliwa, mradi kampuni imefuata masharti. Moja ya masharti hayo linafaa kukumbukwa: kama hakukuwa na karatasi kwenye kioo na kosa lilinaswa na kamera, notisi inapaswa kumfikia mwenye gari ndani ya siku 14. Ikichelewa, hawezi kudaiwa kwa sababu tu gari limesajiliwa kwa jina lake.

Kisha ikaja kesi ya Barry Beavis. Aprili 2013 aliegesha kwenye uwanja wa maduka mjini Chelmsford, ambako kuegesha kulikuwa bure kwa saa mbili. Alizidisha dakika 56. Kampuni ya ParkingEye ikamdai pauni 85, au 50 kama angewahi. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni haikupoteza chochote kwa dakika hizo, kwa hiyo 85 ni adhabu iliyovikwa nguo ya mkataba. Alipanda ngazi za mahakama akishindwa, hadi Novemba 4, 2015, Mahakama ya Juu ilipomkatalia kwa majaji sita dhidi ya mmoja. Walio wengi walisema kuna maslahi halali ya kuhakikisha nafasi zinazunguka ili wateja wengine wapate, kiasi hakikuvuka mpaka, na vibao vilikuwa vikubwa na wazi. Jaji Toulson peke yake alipinga. Alisema sharti lile halikuacha nafasi ya kutazama mazingira ya mtu wala dakika za kumvumilia. Mimi nimesimama na Toulson. Hata hivyo hukumu ni hukumu, na tangu siku hiyo aliyeendelea kutupa barua alijiweka hatarini: akishtakiwa asijitetee na asilipe, hukumu ya deni hukaa kwenye rekodi yake ya mikopo kwa miaka sita, akatatizika kupata nyumba au hata mkataba wa simu.

Bunge lilijaribu kuwabana wenye kampuni. Sheria ya mwaka 2019 ilidai kanuni za pamoja za kitaifa. Kanuni zikatangazwa Februari 2022 zikiwa na viwango vya madai vilivyopunguzwa, na zikaondolewa Juni mwaka huohuo baada ya kampuni kuzipinga mahakamani. Kampuni zilikuwa na mawakili wa kupinga jambo lisilozipendeza. Mlezi wetu hana.

Ninachotaka kibadilike kwanza ni saa ya punguzo. Isimame pale mtu anapopinga kwa nia njema, na isianze kuhesabu tena mpaka mtu huru atoe jibu. Anayehofia utitiri wa rufaa anaweza kuanza na hatua ndogo. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza kwamba itajaribu punguzo la asilimia 25 kwa aliyeshindwa kwenye rufaa. Kwa faini ya 70, angelipa 52 na nusu, na kiwango cha nafasi ya kushinda kinachofanya rufaa iwe na maana kingeshuka kutoka nusu hadi theluthi. Maelfu ya watu wenye shaka ya haki wangeingia kwenye mlango ambao leo umefungwa kwa bei. Halmashauri zinazojiamini kwamba vibao vyao vinaonekana na mistari yao haijafutika hazina cha kuogopa hapo.

Nyumbani Afrika Mashariki, swali hili la kulipa au kupinga linakuja kwa kasi, kwa sababu makusanyo yanahamia kwenye simu. Dar es Salaam malalamiko yalikuwa makubwa mwaka 2021, TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilipopeleka ada za maegesho kwenye mfumo wa kielektroniki. Deni hufuata namba ya gari, na namba ya malipo hupatikana kwa kubonyeza mara chache. Kulipa kumerahisishwa mno. Kupinga nako kunastahili kurahisishwa vivyo hivyo, kwa namba ileile na kwenye skrini ileile, na deni lisiongezeke wakati shauri linasikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa, na Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa halali na wa haki. Lakini gari lililofungwa mnyororo kwenye tairi, likiwa na abiria wanaongoja au samaki wanaoharibika, linamlazimisha mwenye nalo alipe kwanza aulize baadaye. England na Wales zilipiga marufuku mnyororo huo kwenye viwanja vya watu binafsi kwa sheria ileile ya 2012. Kwetu, hatua ya kuanzia ni kila karatasi na kila ujumbe wa deni kutaja mambo matatu yanayosomeka bila miwani: ofisi inayosikiliza malalamiko, siku za mwisho za kuyapeleka, na tarehe ambayo jibu lazima litolewe, la sivyo deni linafutwa.